Mashine ya Numbi

Aliiunda mwenyewe: mpini wa ufagio,
kifuniko cha ndoo, betri ya pikipiki,
na waya aliouchomoa kwenye mota iliyoungua,
shaba tupu, nyekundu kama ufizi.
"Mukuba utamtafuta ndugu yake," alisema,
akanibandika spika sikioni
kama daktari aliyeshika mgonjwa asiye wake.

Jumapili, misa ya pili ilipotoka,
tulivuka reli sisi wanne:
Numbi na mashine, Mwape na jembe,
Onorina na daftari la kuandika kila kitu,
mimi na kindoo cha bukari na ndakala.
Kule kulikuwa kambi ya wafanyakazi.
Leo kuna mihogo, vichuguu,
na ukuta mmoja unaoshikilia dirisha
la nyumba iliyokwisha kuondoka.

Mwanzo haikunyamaza hata kidogo.
Ardhi ya Lubumbashi ina mdomo;
iguse tu, inasimulia yote kwa mpigo.
Iii, ikasema, tukachimba: kizibo cha bia.
Iii: kizibo. Iii: kizibo tena.
"Wazee hawa walikunywa!" alisema Mwape,
jasho likimdondoka puani.
Onorina akaandika: vizibo, kumi na saba.
Msumari. Msumari. Kijiko bila mpini.
Sufuria yenye tundu, na ndani ya tundu
mzizi wa muhogo umepita
kama uzi kwenye sindano,
kana kwamba kuna aliyetaka kuishona.

Watoto wakaja kuuliza kama tunatafuta mabomu.
Mlinzi akaja kuuliza kama tunatafuta dhahabu.
Tulimpa ndakala. Akaketi, akawa wa tano.

Jua lilikuwa limeshavuka upande wa bomba kubwa la moshi
mashine ilipobadilisha sauti.
Si ile iii ya vizibo. Nene, ya chini,
kama mtu anayeitikia akiwa ndani ya shimo.
Numbi alinyoosha mkono: polepole, Mwape, polepole.
Tukaacha jembe. Tukachimba kwa vidole,
udongo mwekundu ukitujaa kwenye kucha.

Kipande cha shaba, mviringo, upana wa biskuti,
kijani pembeni, tobo juu la kupitishia kamba.
Nilikifuta kwa mate na shati.
Mbili. Saba. Sifuri.
Na ya nne imeliwa.

"Hiyo ni namba," alisema mlinzi, mdomo umejaa.
"Bila hiyo hukupewa unga."

Onorina alishika kalamu. "Jina niandike nani?"
Tukatazamana. Shaba haikuwa na jina.
Mwape alikipima kiganjani, kwa mazoea tu
(kaka yake ananunua vyuma kwa kilo pale Katuba):
"Hakifiki nusu mkate."
Kisha akaona haya, akanipa tena
upesi, kama kimemchoma.

Mlinzi akaomba akione.
Kijana yule, umri wetu, viatu vya plastiki,
hajawahi kushuka mgodini hata siku moja.
Alikiweka kifuani, juu ya kifungo cha pili,
na hapo hapo, bila mtu kumwamuru,
akasimama wima, visigino pamoja,
macho mbele.

Hatukucheka.
Mtoto mmoja alianza, dada yake akamfinya.

Kisha mlinzi mwenyewe akashtuka,
akakirudisha, akauliza kama ndakala zimebaki.

Katika daftari, chini ya sufuria,
Onorina aliandika 270, akaacha nafasi,
upana wa tarakimu moja,
akafunga.

Tulirudi giza likianza. Kipande nilikuwa nacho mimi,
kimepata joto mfukoni.
Tulipofika relini, tukasikia kelele:
Numbi alikuwa amesahau kuizima mashine.
Chuma chote kile, kutoka mjini hadi kusikojulikana,
kiliitika kwa pamoja, mfululizo, bila kupumua,
na Numbi, kidole juu ya swichi,
hakubonyeza.